Kipande cha Nne

Sauti iliyonipigia simu Jumanne ile ilikuwa ya mwanamke mzima, ya upole, yenye uchovu wa mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akirudia maneno yale yale kwa watu tofauti. Nilikuwa jikoni kwangu hapa Kitale nikichambua mchicha, simu nimeibana kwa bega. "Ni Mwalimu Nasimiyu?" akauliza. Nikasema ndiye, ingawa ualimu niliuacha mwaka jana nilipostaafu. "Pole kwa kukusumbua, auntie. Wewe hunijui. Jina langu ni Selina. Mama yangu alikuwa anaitwa Nafula, wa huku Sirisia." Neno "alikuwa" nililisikia vizuri, na najua ndilo lililopaswa kunichoma kwanza, lakini kusema kweli nilikwama kwenye lile jina lingine. Selina. Akaniambia mazishi ni Jumamosi. Nikamuuliza namba yangu aliitoa wapi, maana mimi na mama yake hatukuwa tumesemezana kwa zaidi ya miaka arobaini. "Ilikuwa ndani ya kitabu cha mama," akasema. "Aliiandika kwa jalada." Sikuuliza ni kitabu gani. Nilimshukuru, nikaweka simu mezani, nikaendelea kuchambua mchicha hadi nikagundua kwamba nilikuwa natupa majani na kuweka vijiti.

Kutoka Kitale hadi Sirisia si safari. Unapita Kiminini, Kamukuywa, Kimilili na Chwele, na ukiondoka baada ya kifungua kinywa, chai ya saa nne unainywa huko. Nimewahi kufika Bungoma mjini kwa semina mara nyingi ajabu, nimekwenda harusi Misikhu, nimezika watu Kabuchai, lakini Sirisia sikukanyaga. Wenzangu walidhani ni nasibu tu. Haikuwa nasibu. Nilimkwepa Nafula kwa makusudi miaka yote hiyo, kwa ajili ya jambo nililomfanyia tukiwa kidato cha pili, na kwa kuwa sasa hayupo wa kunikanusha wala wa kunisuta, nadhani ni wakati wa kulisema lilivyokuwa.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikiishi na senge, yaani dada ya baba, katika vyumba viwili huko Tuwani. Nani alinileta Kitale na kwa nini, tuyaache. Waliohusika wenyewe wamezeeka wakasahau. Chumba cha mbele kilikuwa na viti vinne vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, meza, kalenda ya kanisa na marobota ya sweta za mitumba ambazo senge aliuza sokoni. Baridi ya Kitale ndiyo iliyotulisha. Godoro langu lilitandikwa kati ya marobota hayo, na nywele zangu zilinuka ile dawa ya mitumba hata nizioshe namna gani. Senge hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi mapema kwa sababu ya yatakayokuja. Alinipa chumba, akanipa ugali na mrenda, akanipa sweta ya shule isiyo na tundu hata moja. Kitu ambacho hakuwa nacho ni mazungumzo. Alirudi sokoni amekwisha kuongea na watu mia, na mimi nilikuwa nimeketi kimya tangu saa kumi nikimngoja. Akila alitazama sahani yake. Jioni moja nilimsikia akiwaambia akina mama wa maombi, mimi nikiwa nyuma ya pazia nakunja nguo, "Huyu mtoto wa ndugu yangu hasumbui. Unaweza sahau kama yuko." Alikuwa ananisifu. Wenzake walisema "Bwana asifiwe," nami nikazidi kukunja nguo.

Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo. Wasichana wengi walikuwa wa bweni, sisi wa kutwa tukiwa wachache, tunaokuja asubuhi na matope kwenye viatu na kuondoka jioni kabla mambo ya maana hayajaanza. Wa bweni walikuwa na vicheko ambavyo asili yake ilikuwa jana usiku, na jana usiku sisi hatukuwepo. Saa ya chakula nilikula githeri yangu nimeegemea ukuta wa stoo. Nilijifunza kutafuna polepole ili chakula kitoshe mapumziko yote, kwa maana mtu anayekula haonekani kama mtu asiye na wa kuongea naye. Nilikuwa hodari sana kwa hilo. Punje moja ya mahindi ningeweza kukaa nayo mdomoni kama mzee asiye na meno.

Basi ilikuwa hivi: riwaya zilikatazwa bwenini. Zilisemekana kuharibu wasichana, na matroni alifungua masanduku wakati wowote aliotaka. Kitabu kizima kilikuwa kesi, barua kwa mzazi na wiki mbili za kufyeka nyasi. Kwa hivyo mwenye riwaya aliikata. Aliigawa kwa wembe vipande vitatu au vinne, kila kipande akakishona uzi mgongoni, akakipaka uji mzito badala ya gundi, akakivika karatasi ya pakiti ya sukari. Kipande chembamba kiliingia ndani ya kitabu cha Historia na ungeketi nacho mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe. Vipande vilizunguka kwa mpango, huyu akimaliza cha kwanza anapokea cha pili, na kulikuwa na sheria moja tu, ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja: aliyepoteza kipande hasomi tena. Si kitabu hicho tu. Hasomi kitabu cha msichana yeyote, mpaka amalize shule. Mimi sheria hiyo haikunihusu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunipa kipande cha kitu chochote. Nilisoma magazeti ya zamani yaliyokuwa nyumbani kwa senge, matangazo ya vifo na yote.

Nafula alinijia mwezi wa Juni, mvua imekatika kidogo, mimi nikiwa na punje yangu ukutani. Nilimjua kwa sura: msichana mrefu, mabega ameyakunja kidogo, mkono wa sweta umeliwa pembeni kwa sababu aliutafuna akisoma. "Wewe unakaa tao?" akaniuliza. Nikasema Tuwani. "Kuna mtu huko anakukagua vitu?" Nikasema hapana, jambo ambalo halikuwa kweli kabisa. Akachutama karibu nami, akatazama huku na huku. "Niko na kitabu nilipata sokoni siku ya outing. Haina jalada lakini ndani iko sawa, nimehesabu kurasa zote. Matroni ameanza kukagua mpaka godoro. Utaniwekea? Unaniletea kipande moja moja." Nikamuuliza kama na mimi nitasoma. Alinitazama kama niliyeuliza swali la ajabu. "Si ndiyo. Sasa nitaongea na nani?"

Sijawahi kuambiwa na mwanamume sentensi iliyonifurahisha kama ile, na niliolewa miaka ishirini na mitatu.

Tulikikata wenyewe Jumamosi moja baada ya michezo, nyuma ya jiko la shule, kwenye rundo la magunzi. Nafula alishika wembe na mimi nilishika kitabu. Vipande vinne. Aliponikabidhi alinipa na sharti lake mwenyewe, juu ya ile sheria ya wote. "Usisome mbele yangu. Ukisoma mbele, wewe utakuwa unajua na mimi sijui, na hiyo si kusoma pamoja." Nikaapa. Yeye alikaa na kipande tangu Jumatatu hadi Alhamisi, mimi nikakaa nacho hadi Jumapili, kisha wiki nzima iliyofuata tulikizungumza saa ya chakula kabla ya kuingia kingine. Alisoma polepole sana, wakati mwingine ukurasa mmoja mara tatu, kidole chini ya mstari. Mimi nilisoma kwa pupa kisha nikarudia ili kumngoja. Tulibishana. Nafula aliamini kila alichosema mtu wa kitabuni; mimi nilidhani wote wanadanganya. Githeri ilipoa kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kitale nikaona mapumziko ni mafupi.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha msichana aitwaye Selina aliyetoka kwao baada ya kukosana na baba yake, baba akamwambia asikanyage tena mlangoni pake. Selina akaenda kufanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha majani chai, akawa anakula peke yake na kulala chumba cha watu wanane wasiomjua. Halafu ikaja habari kwamba mama yake ni mgonjwa. Kipande cha tatu kiliishia mtoni. Mafuriko yamebeba daraja, kwao ni ng'ambo, giza linaingia, na mstari wa mwisho kabisa kabla ya uzi wetu ulisema kwamba Selina aliinama akavua viatu. Nafula alinirudishia kipande hicho akiwa amekonda uso. Yeye naye alikuwa amekosana na baba yake, kwa maneno ambayo hakuniambia kamwe. Likizo zote alikwenda kwa mjomba wake Kiminini badala ya kwao Sirisia. "Unafikiri atavuka?" akaniuliza. "Nasimiyu, unafikiri anaweza rudi kwao hivyo tu, baada ya yale maneno?" Nikamwambia wiki yetu ya kuzungumza ikiisha, Jumatatu nitamletea kipande cha nne, atajua. Akasema hatalala.

Hapa ndipo nilipokosea. Nyumbani mahali pekee pa kuficha kitu palikuwa chini ya godoro, na godoro senge alilitoa kuanika kila Jumamosi ikiwa hakuna mvua. Vipande vitatu nilikuwa nikivizungusha ndani ya mkoba wa shule. Kipande cha nne, ambacho nilikilinda zaidi kwa sababu nilitamani sana kukifungua na nilijua nikikibeba nitakifungua njiani, nilikificha mahali nilipodhani ni pa akili kabisa. Nilikitia katikati ya magazeti ya zamani kwenye kikapu cha pembeni mwa jikoni. Karatasi kati ya karatasi, nani ataiona? Nilijipongeza. Niliishi na mwanamke aliyewasha jiko la makaa kila siku ya Mungu, kwenye mji ambao mvua hunyesha tangu Aprili hadi watu wachoke, na sikujiuliza magazeti yale kazi yake ni nini.

Jumatano ya wiki hiyo ya kuzungumza nilirudi nimelowa chapachapa. Akina mama wa maombi walikuwa wamejaa chumba cha mbele, wameketi hadi juu ya marobota, wakiimba, na chumba kilikuwa na joto ambalo sikuwahi kulisikia humo. Kulikuwa na chai ya maziwa na mandazi ya iliki. Nikapita moja kwa moja jikoni. Kikapu kilikuwa kitupu nusu. Chini ya jiko kulikuwa na kipande cha karatasi ya sukari kinachotosha kiganja, ukingo wake mweusi, na uzi wangu wa bluu bado umening'inia. Senge aliingia nyuma yangu kuchukua vikombe. "Hiyo karatasi yako iriwasha vizuri sana," akasema kwa furaha. "Makaa yarikuwa yamerowa, gazeti imekataa kabisa, mpaka nikapata hiyo kitu yako nene. Irikuwa ya shule?" Nikasema, "Hapana, senge." Akanitazama kidogo. "Basi kuja kunywa chai, umeshikwa na baridi." Nikaenda, nikaketi kati ya wanawake wale wema waliokuwa wakiota moto wa kipande changu, nikanywa chai. Mandazi nilikula matatu. Hilo limenisumbua kuliko mengi, kwamba nilikula.

Ningemwambia Nafula ukweli siku iliyofuata, naamini angelia kisha angenisamehe, na kitabu hiki cha maisha yangu kingekuwa kingine. Lakini sheria niliijua. Aliyepoteza kipande hasomi tena. Nilijiona tayari nimerudi ukutani, na safari hii nikijua ninachokosa. Kwa hivyo Jumatatu nilimwambia kwamba senge ameanza kukagua mkoba wangu na siwezi kutoka na kipande, lakini asijali, mimi nimekisoma na nitamhadithia. Uso wake ulibadilika. "Umesoma mbele yangu?" Nikasema ndiyo. Aliondoka bila kumaliza chakula chake. Siku mbili hakunisemesha, na nilizunguka na hatia ya kosa ambalo sikulifanya ili kufunika lile nililofanya. Siku ya tatu akaja, akaketi kwenye magunzi, akavuta magoti kifuani. "Sasa niambie tu," akasema. "Lakini usiruke kitu."

Nilimhadithia kwa siku nne, nikiokota maneno kila asubuhi njiani kutoka Tuwani. Siku ya kwanza nilimfanya Selina afunge viatu shingoni na kutafuta kamba, akaifunga kwenye mti, maana sikuwa na mtu wa kumpa aishike. Siku ya pili nilimtia mtoni, maji yakamfika kifuani, nikamwacha hapo makusudi na Nafula akanipiga bega kwa hasira. Siku ya tatu Selina alifika kwao alfajiri, akamkuta mama yake kwenye mkeka, yu hai, na jambo la kwanza mama aliloliuliza ni, "Umekula?" Nafula aliposikia hivyo alifunika uso na mkono wa sweta. Siku ya nne baba yake Selina alitokea mlangoni, akasimama, hakusema kitu, kisha akasogea pembeni ili apite. Baadaye Selina akaweka cherehani jikoni kwa mama yake, akawa anawafundisha wasichana wa kijiji. Sikuwa mwerevu kiasi hicho. Mama huyo wa mkekani nilimchukua kwetu Kabuchai, na mlango ule ndio nilioulilia mimi kila Jumapili jioni nikiwa kati ya marobota. Nilimpa Selina kitu nilichokitaka mwenyewe. Nafula aliutafuna mkono wa sweta. Akasema, "Alisogea tu hivyo? Bila maneno?" Nikasema bila maneno. Kengele ikalia.

Muhula ulipoisha Novemba, Nafula alibeba sanduku lake getini, na nilipomuuliza kama mjomba atakuja kumchukua akasema hapana. "Naenda Sirisia." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akirekebisha kitambaa cha kichwa. Sikumzuia. Ningemzuia vipi? Ningemwambia usiende kwenu, yule mtu aliyesogea mlangoni nimemtunga mimi nikitembea kwenye matope? Nikamwambia, "Tuonane Januari, bana," naye akanishika mkono kwa mikono miwili, kama watu wazima wanavyoshikana.

Januari nilisimama getini siku tatu mfululizo kabla ya kengele. Sanduku lake halikuja. Mwezi wa pili ikaja barua, ya ukurasa mmoja, mwandiko wake wa polepole. Aliandika kwamba alivuka kama Selina. Baba yake alikuwa mgonjwa kuliko walivyokuwa wakimwambia, alikuwa hajiwezi, na alipomwona alilia. Wadogo zake hawakuwa na mtu. Hatarudi shule. Aliniomba nimtunzie vipande, na nimwandikie. Nilisoma barua hiyo nyuma ya stoo na nilichoona ni kwamba nimemtoa msichana shuleni kwa uongo. Nilimtengenezea mwisho ili nisimpoteze, na mwisho huo ukamchukua. Sikujibu. Niliandika barua nyingi kichwani na kila moja ilifika mahali pale pale, kwenye jiko la senge, ikakwama. Barua ya pili kutoka Sirisia ilikuja mwezi wa Mei. Ya tatu haikuja.

Wasichana wengine walikuja kunipa vipande vyao baadaye. Nilikuwa nimepata sifa ya stoo isiyovuja, hebu fikiria. Nilivitunza vyote na sikupoteza hata karatasi. Nilivisoma pia, lakini nilisoma peke yangu, na nilipofika mahali pa kubishana niligeuka pembeni kwa mazoea na kulikuwa na ukuta. Tangu hapo nimesoma vitabu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nimefundisha watoto kusoma miaka thelathini na tano. Nyumba yangu ina rafu tatu zilizojaa, na wajukuu wa dada yangu wakija hunicheka, wao wanasoma hadithi kwenye simu, vipande vipande, wakitumiana. Nawaona wakibishana kuhusu kipande cha kesho na huwa naondoka chumbani. Wanadhani sipendi simu.

Jumamosi nilikwenda Sirisia. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya, na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Safu mbili za mbele zilikuwa za wanawake waliovaa nguo za kitambaa kimoja cha zambarau, wengine wazee, wengine wasichana. Nilimuuliza jirani yangu hao ni kikundi gani. "Hao ndio aliwafundisha kushona," akasema. "Karibu wote wa huku." Nilitazama kaburi likifukiwa na sikulia, nilikuwa najiona mgeni asiye na haki ya kulia. Watu walipoenda kula, Selina alinitafuta. Ana urefu wa mama yake na mabega yale yale. Akanishika mkono, akanipeleka nyumba ya jikoni nyuma ya boma. Kulikuwa na mafiga upande mmoja, na upande wa dirisha kulikuwa na cherehani tatu zimefunikwa vitambaa. Cherehani, jikoni. Selina akaniketisha.

Aliniwekea kitabu mapajani. Kilikuwa na jalada, lenye picha ya mto, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuliona jalada hilo. Nyuma ya jalada ilikuwa namba yangu ya simu kwa mwandiko wa polepole. Nikafungua ukurasa wa kwanza nikakutana na sentensi niliyoijua kwa moyo. Nikapeleka kidole mwishoni. Pale Selina alipoinama akavua viatu, kitabu kiliishia. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimekatwa kwa wembe, sawasawa, karibu na mshono.

"Selina," nikasema, "kuna kitu sikumwambia mama yako. Ule mwisho sikuusoma. Kipande kiliungua kwenye jiko, nikaogopa kusema. Nilitunga."

"Auntie, mama alijua hiyo," akasema. Hakushangaa hata kidogo. "Alipata hii kitabu sokoni Bungoma, ni kama miaka kumi na tatu sasa. Alifungua ukurasa ya kwanza akakaa chini pale pale, kwa vumbi. Kufika nyumbani alisoma siku mbili, hata hakupika. Akamaliza. Akaniambia, 'Huyu wa kitabu hakuvuka. Alirudi kwa majani chai.' Halafu akaniambia nimletee wembe. Alikata hizo karatasi akaweka kwa jiko akachemshia chai. Akasema, 'Wangu alivuka.' Hiyo tu."

Nilimuuliza kama alikasirika. Selina akacheka kidogo, macho yake yakiwa bado mekundu. "Akasirike nini? Hiyo hadithi ndiyo alitulea nayo. Jina langu si unaona. Mwaka huo huo alitafuta namba yako kwa walimu mpaka akaipata huko Misikhu. Nikamwambia apige, akakataa. Ati wewe unajua mahali ako. Ati utakuja tu." Miaka kumi na mitatu simu ilikuwa mfukoni mwangu, na mimi nilikuwa nikikwepa Sirisia kama mwizi, kwa kosa ambalo lilikuwa limeshachemsha chai na kunyweka.

Tulikaa. Nje watu waliita sahani, mtoto alilia, mtu alijaribu kipaza sauti. Nilimwambia Selina anihadithie mwisho, kama mama yake alivyouhadithia, kwa sababu mimi mwenyewe vipande vingine vimeanza kunitoka. Akavuta kigoda. Akaanza na viatu shingoni. Akasema Selina wa kitabuni alipata kamba, akaipa rafiki yake aishike.

"Kamba ilifungwa kwenye mti," nikasema.

"Hapana, auntie. Ilishikwa na rafiki yake. Hapo mama hakuwahi kukosea hata siku moja. Rafiki alishika kamba kwa mikono miwili, Selina akaingia kwa maji."

"Na huyo rafiki," nikauliza, "baadaye alikwenda wapi?"

"Alibaki ng'ambo. Angevukaje na yeye ndiye ameshika kamba? Sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunamsumbua mama kila mara, sasa huyo mwingine atavuka lini, atavuka lini. Mama alikuwa anatuambia, ngojeni. Mto ukipungua, atakuja."